Kukusanya Visu vya Kukunja vya Kimarekani Visivyotengenezwa Tena: Mwongozo kwa Wakaazi wa Unguja na Pemba

Kisu cha kwanza katika kasha langu alikiacha ami yangu, baharia wa meli za mizigo, ambaye alirudi Chake Chake na vitu vichache mno kwa mtu aliyezunguka bandari nyingi kiasi kile. Ni kisu cha kukunja chenye mabapa matatu na mpini wa rangi ya kahawia uliochanjwa mistari kama gome la mti. Kwa miaka mingi tulikitumia nyumbani kumenyea machungwa na kukatia kamba, na hakuna aliyejishughulisha na maandishi madogo yaliyogongwa chini ya bapa kubwa. Siku nilipoyasoma, kwa kioo cha kukuzia nilichoazima kwa sonara, niliona maneno SCHRADE WALDEN NY USA. Baadaye nilikuja kujua kwamba chapa hiyo ilitumika kati ya 1946 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kwamba visu vyenye mpini wa namna ile, vilivyouzwa kwa jina la Old Timer, vilianza kutoka mwishoni mwa miaka ya 1950. Maneno manne na rangi ya mpini vikanipa, kwa kisu ambacho hakuna aliyejua umri wake, muda wa takriban miaka 15 ambao ndani yake ndipo kilipotengenezwa.

Mwongozo huu nimemwandikia mtu wa visiwani anayetaka kuanza mkusanyo wa visu vya aina hiyo. Maelekezo mengi niliyoyasoma mimi yalimfikiria mtu anayeishi katika nchi ya baridi na hewa kavu, ambaye akitaka kisu kikuukuu anakwenda kukitazama na kukishika mkononi mwishoni mwa wiki. Kwetu visu hivyo hufika kimoja kimoja kwa njia ya mbali, na hewa yetu ina chumvi na unyevu ambao katika masika moja unaweza kuharibu kitu kilichodumu miaka 60 kwengineko. Ndiyo maana nitakaa sana juu ya mambo mawili, yaani kusoma chapa na kuzuia kutu, na mengine nitayapitia kwa haraka zaidi.

Kisu gani kinahesabika

Kisu huitwa kisichotengenezwa tena kwa sababu zaidi ya moja, na ni vyema kuzitenganisha mapema, kwani uhaba na bei hutegemea hapo. Kuna visu ambavyo kiwanda chake kimekufa. Kampuni ya Imperial Schrade ya Ellenville, katika jimbo la New York, ilifunga milango yake mwezi wa Julai 2004. Camillus, iliyokuwa na kiwanda katika mji wenye jina hilohilo, nao ukiwa New York, tangu mwanzo wa karne ya 20, ilifuata 2007. Queen ya Titusville, Pennsylvania, ilisimama 2018. Kampuni hizi zilibanwa na visu vya bei nafuu kutoka nje ya Marekani mpaka zikashindwa kujiendesha. Majina ya Schrade na Camillus yalinunuliwa na wengine na hadi leo yanagongwa juu ya visu vilivyotengenezwa Asia, na hapa ndipo anayeanza hunaswa mara ya kwanza: jina analiona ni lilelile, na pengine hata umbo na rangi ya mpini ni zilezile, lakini neno USA halipo kwenye chuma.

Kuna pia visu ambavyo mtengenezaji wake yu hai lakini ameacha umbo fulani, aina fulani ya mpini, au chuma fulani. W.R. Case & Sons ya Bradford, Pennsylvania, inafanya kazi hadi sasa, na maumbo yake mengi ya zamani hayatengenezwi tena. Buck ilihama kutoka El Cajon, California, kwenda Post Falls, Idaho, mwaka 2005, na kisu chake mashuhuri, Buck 110, kilichotoka 1964 na ambacho bapa lake hujifunga lenyewe likishafunguka, kinaendelea kuuzwa kikiwa kipya. Hata hivyo, 110 ya zamani iliyotengenezwa California kwa chuma cha 440C, na kutiwa mbao za mti mweusi wa Makassar zenye mishipa ya kahawia, haiwezi kuagizwa kiwandani leo. (Mti huo ni wa Indonesia na haumo katika jamii moja na mpingo wetu, ijapokuwa wauzaji wa hapa hupenda kuviita vyote mpingo.)

Ushauri wangu kwa anayeanza ni aanze na Schrade za Ellenville, na hasa Old Timer. Zilitengenezwa kwa wingi mkubwa, kwa hiyo zinapatikana bila ya kumfilisi mtu. Chapa zake husomeka. Na mpini wake wa plastiki ngumu iitwayo Delrin haunywi unyevu wala haupasuki kama mfupa. Kisu chenye namba 8OT, ambacho kikikunjwa huwa na urefu wa karibu sentimita 10, ni kisu cha wafugaji chenye mabapa matatu: moja la ncha kali kwa kazi za kila siku, la pili lenye makali yaliyonyooka kwa kukata kwa kukandamiza, na la tatu fupi lenye ncha butu, ambalo wafugaji wa kule walilitumia kuhasi mifugo. Mdogo wake ni 34OT. Mtu akivifahamu visu viwili hivi kwa kuvishika na kuvifungua mara nyingi, mkono wake utakuwa umepata kipimo cha kupimia vingine vyote.

Kusoma msuka

Fungua bapa kubwa kwa kuingiza ukucha katika mtuo wake, yaani mfuo mdogo ulio ubavuni mwa bapa, kisha utazame pale linapokutana na mpini. Sehemu ile nene isiyo na makali, inayoingia ndani na kuzunguka kwenye ribiti, ndiyo msuka, na juu yake ndipo kiwanda kilipogonga chapa yake. Tumia mwanga wa upande, kwa mfano taa iliyolazwa juu ya meza, kwa sababu mwanga wa juu huzificha herufi zilizolika. Kioo cha sonara kinachokuza mara 10 kinatosha kabisa.

Chapa za Schrade ni rahisi kuzifuata. Kampuni iliasisiwa Walden, New York, mwaka 1904, na visu vyake vya mwanzo vinabeba jina la SCHRADE CUT CO. Baada ya ndugu wawili wa ukoo wa Baer kuinunua mwaka 1946, chapa ikawa SCHRADE WALDEN, na neno Walden liliendelea kugongwa kwa miaka mingi hata baada ya kazi kuhamishiwa Ellenville. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 neno hilo likaondolewa, zikabaki herufi za SCHRADE pamoja na NY USA au USA peke yake, na namba ya kisu ikiwa kando. Alama ya kujumlisha inayofuata jina, yaani SCHRADE+, inaonyesha kwamba bapa ni la chuma kisichoshika kutu kwa urahisi. Isipokuwepo, Old Timer yako kwa kawaida ni ya chuma cha kaboni, na itahitaji uangalizi ambao nitaueleza mbele.

Case ndiyo iliyowarahisishia wakusanyaji kazi kuliko wote, na nadhani ndiyo maana inapendwa kiasi kile. Visu vyake vya kuanzia 1940 hivi mpaka 1964 vinabeba CASE XX. Vya 1965 hadi 1969 vinabeba CASE XX U.S.A.; na kuanzia 1970 ziliwekwa nukta 10 chini ya chapa, kisha kila mwaka ikaondolewa moja. Kisu chenye nukta 7 ni cha 1973, na chenye nukta 1 ni cha 1979. Mwaka 1980 nukta 10 zikarudi, safari hii pamoja na herufi S mbili za jina la Case zilizochorwa kwa mistari mikali kama radi, ili mtu asichanganye 1980 na 1970. Mbali na mwaka, Case hugonga namba ya umbo, nayo husomeka tarakimu kwa tarakimu. Katika 6254, tarakimu 6 inaeleza mpini, ambao mara nyingi ni mfupa uliochongwa vishimo. 2 ni idadi ya mabapa. Na 54 ni umbo lenyewe, ambalo ni kisu cha wategaji wanyama. Katika 3254 umbo na mabapa ni yaleyale, lakini 3 inasema kwamba mpini ni wa manjano, na tarakimu 5 mahali hapo inasema kwamba ni pembe ya kulungu. Ukiona msuka unasema 5 na mpini ni plastiki, mpini huo haukuzaliwa na kisu hicho.

Nimeulizwa zaidi ya mara moja, na watu wanaojali wanachokishika, kuhusu mfupa huo. Mfupa wa mipini ya Case ni mfupa wa mguu wa ng'ombe.

Camillus ilitengeneza visu vingi vya jeshi la Marekani, na miongoni mwake kuna kimoja ambacho ningependa kila mkusanyaji wa visiwani akitafute: kisu cha chuma kitupu, mpini na mabapa, chote kikiwa cha chuma kisichoshika kutu, chenye herufi U.S. zilizogongwa ubavuni, na kikiwa na bapa, msumari wa kutobolea, kifungulia kopo, na kifungulia chupa chenye ncha ya bisibisi. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kamili kwenye msuka, kwa hiyo hakuna cha kukisia. Hakina mapambo, lakini kinastahamili hewa yetu kuliko kisu chochote nilichonacho. Kisu chengine cha kijeshi ni TL-29 cha mafundi wa nyaya za simu, chenye bapa moja na bisibisi moja inayojifunga.

Buck ilianza 1986 kugonga alama ndogo kando ya namba ya kisu, moja kwa kila mwaka, na orodha ya alama hizo inapatikana kwa urahisi. Kabla ya hapo umri husomwa kwa idadi ya mistari ya chapa. Lazima pia ujue kwamba jina lililogongwa si lazima liwe la aliyetengeneza. Visu vidogo vya mwanzo vya Buck vyenye kamani (springi) za mgongoni vilitengenezwa na Schrade kisha Camillus, na visu vyenye jina la Craftsman, vilivyouzwa katika maduka ya Sears, vilitoka katika viwanda hivyohivyo. Kisu cha Craftsman kilichotoka Ellenville kwa kawaida huuzwa kwa bei ndogo kuliko ndugu yake mwenye jina la Schrade, ingawa chuma na mikono iliyokiunda ni ile ile, na kwa mtu mwenye kipato cha kawaida huo ni mlango mzuri wa kuingilia.

Mahali pa kuvipata

Anza nyumbani. Bidhaa za Marekani si ngeni hapa. Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na kitambaa cha merikani kilibeba jina la nchi ilikotoka. Visu vya karne ya 20, kwa jinsi nilivyoviona mimi, vilikuja zaidi katika mifuko ya mabaharia na ya jamaa waliofanya kazi Ughaibuni, na vingi vimelala katika makasha, vijaluba na mikebe ya misumari. Waulize wazee kwa heshima na bila ya haraka. Watu wanaouza vitu vya mtumba karibu na Darajani, na maduka ya vitu vya kale ya Mji Mkongwe, nayo hupata kisu mara mojamoja, ijapokuwa mwenye duka mara nyingi hukitaja kuwa cha Kiingereza au cha Kijerumani kwa sababu hajakifungua akasoma.

Utasikia hadithi nyingi. Ile niliyosimuliwa zaidi ya mara moja ni kwamba kisu fulani kilitoka kwa Wamarekani wa Tunguu, yaani wale waliokuwa katika kituo cha kufuatilia vyombo vya anga za juu, kituo ambacho kiliondolewa 1964. Kituo kilikuwepo kweli, na watu wake bila shaka walikuwa na visu. Lakini niliponyoosha mkono na kufungua kisu kimoja kati ya hivyo, nilikuta alama ya Buck iliyoanza baada ya 1986. Msikilize muuzaji kwa adabu, kisha usome msuka, na ulipe kile ambacho msuka unathibitisha.

Sehemu kubwa ya mkusanyo, hata hivyo, itatoka Marekani kwenyewe kupitia minada ya mtandaoni au jamaa anayeishi kule. Jamaa ana faida kubwa, kwa kuwa anaweza kwenda katika magulio na katika minada ya vitu vilivyoachwa na marehemu, ambako kisu kizuri hukaa ndani ya sahani moja na funguo na vifungo. Mpelekee orodha fupi yenye namba na chapa, si maelezo ya jumla. Unaponunua kwa picha, omba picha za msuka kwa karibu, za mabapa yote yakiwa wazi kwa pande zote mbili, za kisu kikiwa kimefungwa na kutazamwa kwa juu ili uone kama mabapa yamekaa katikati, na za mgongo ambako kamani zinaonekana. Muuzaji asiyekubali kupiga picha ya msuka mwache.

Kukagua kabla ya kulipa

Kitu cha kwanza ni kiasi cha bapa kilichobaki. Kisu kilichonolewa kwa miaka 30 hupungua upana, na ncha yake ikifungwa huzama mno ndani ya mpini au hujitokeza nje; linganisha na picha ya kisu kama hicho ambacho hakijatumika. Kisha fungua na ufunge kila bapa taratibu. Kamani iliyo hai hulivuta bapa mwishoni mwa safari yake na kutoa mlio mkavu pande zote mbili, na ile iliyochoka huliacha likilegea njiani. Shika bapa kwa vidole na ulitikise upande kwa upande: kucheza kidogo katika kisu cha miaka 50 kunavumilika, lakini kucheza kwa juu na chini kunamaanisha kwamba ribiti au msuka umelika.

Tazama mpini pale ribiti zinapopita, kwa sababu nyufa za mfupa huanzia hapo. Tazama pia kama ribiti zote zinafanana kwa rangi na umbo, kwani iliyo mpya kuliko wenzake ni ushahidi kwamba kisu kimefunguliwa na pengine bapa limebadilishwa. Kisu kilichobadilishwa bapa kinaweza kuwa kizuri kwa kazi, ila hakipaswi kuuzwa kama cha asili.

Udanganyifu unaohitaji jicho kali zaidi ni wa chapa. Kwa kuwa Case za kabla ya 1965 zina thamani kubwa kuliko za baadaye, kuna waliofuta herufi za U.S.A. na nukta zake ili zibaki CASE XX tu. Chuma kilichofutwa huacha bonde: ukilaza mwanga utaona uso wa msuka umeinama pale ambapo maandishi yalikuwa, na msuka wenyewe utakuwa mwembamba kuliko wa bapa la pili.

Mimi mwenyewe niliwahi kuharibu chapa bila ya nia mbaya. Nilikuwa na Case yenye mabapa mawili na nukta 7, na kwa kutaka makali yarudi haraka nilimpa mnoaji anayepita mitaani na jiwe lake la kuzungushwa kwa baiskeli. Alinoa kama anavyonoa visu vya jikoni, kwa juhudi na mpaka mwisho wa chuma, na jiwe likapanda juu ya msuka. Leo kisu hicho kinaonekana kuwa na nukta 5, yaani kisu cha 1973 kinasomeka kama cha 1975, na kila mwaka ninapokitoa kukipaka mafuta huniuma. Kisu cha mkusanyo kisipelekwe kabisa kwenye jiwe linalozunguka. Kama ni lazima kunolewa, tumia kinoo laini kilicholowa, kwa mkono wako mwenyewe, na usimame mbali na msuka.

Kutu, chumvi na masika

Visu vingi vya zamani vya Kimarekani ni vya chuma cha kaboni, ambacho hunoleka vizuri lakini hushika kutu upesi. Kuna rangi ya kijivu au nyeusi iliyotulia juu ya bapa la chuma hicho, na hiyo si ugonjwa. Ni utando uliojijenga kwa miaka, unaokinga kiasi, na wakusanyaji huuthamini. Kutu nyekundu ndiyo adui, kwa kuwa inakula chuma na kuacha vishimo. Iondoe kwa tone la mafuta mepesi, iache saa kadhaa, kisha sugua kwa kijiti cha mti au kipande cha shaba laini, ukirudia kwa subira badala ya kuongeza nguvu.

Desturi yetu ya kung'arishia shaba kwa ndimu, ukwaju na jivu, ambayo imefanya kazi nzuri juu ya masinia na misumari ya milango, usiilete hapa. Asidi ya ndimu huingia katika kiungo ambako hutaweza kuisuuza, na huko hula chuma cha msuka na kamani. Jivu nalo husaga kingo za herufi. Shaba ya manjano ya Buck ya 1970 iliyofifia ina thamani kuliko ile iliyong'arishwa ikawa kama sufuria mpya.

Kwa mafuta, ninatumia mafuta mepesi ya cherehani: tone moja katika kila kiungo, bapa lifunguliwe na kufungwa mara 10, kisha yanayotoka na uchafu yafutwe. Mafuta ya nazi yasitumike, kwa sababu huchacha na kuacha utandu unaonata. Wajapani walikuwa wakitia mafuta ya karafuu kidogo katika mafuta ya panga zao, na mafuta hayo huyaita choji, neno lao la karafuu. Jambo hilo lilinifurahisha sana nilipolijua, nami kama mtu wa Pemba ninatia matone machache ya mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, katika chupa yangu ya mafuta ya cherehani. Kazi ya kuzuia kutu inafanywa na mafuta ya cherehani, wala sidai zaidi ya hapo, lakini harufu huniambia papo hapo kisu kipi kimepakwa na kipi bado. Mafuta ya makonyo yasiguse mpini wa plastiki yakiwa matupu, kwani huweza kuilainisha. Kwa bapa ambalo halitafunguliwa kwa miezi mingi, nta ya kuhifadhia vyuma inayopakwa nyembamba na kusuguliwa kwa kitambaa hukaa muda mrefu kuliko mafuta.

Usikihifadhi kisu ndani ya ala yake ya ngozi. Ngozi ina dawa za kuifanyia laini na hunywa unyevu, na Buck 110 niliyoikuta imekaa ndani ya ala tangu mwenyewe aliposafiri ilikuwa na rangi ya kijani kwenye shaba na vishimo kwenye bapa, ilhali upande wa mbao ulikuwa mzima. Ala iwekwe kando, ikiwa na karatasi inayoonyesha ni ya kisu kipi. Boksi la asili la karatasi nalo lina thamani na linahifadhiwa peke yake, mbali na mende.

Visu vyenyewe mimi huviweka katika chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana na mpira, kila kimoja kikiwa kimefungwa kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila ya sabuni nyingi, pamoja na vifuko vya chembe za kukausha hewa, vilevile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na mikoba. Chembe hizo hushiba. Zinapokuwa zimeshiba, zimwage juu ya sinia na uzikaushe katika oveni kwa joto la karibu nyuzi 120 kwa saa mbili au tatu, kisha uzirudishe katika kifuko cha kitambaa. Kipima unyevu kidogo ndani ya chombo kitakuonyesha kama uko chini ya asilimia 50, na hapo ndipo ninapotaka kukaa. Wakati wa masika na wa vuli ninafungua chombo siku ya jua tu na kwa muda mfupi, na kila kisu nilichokishika kwa vidole hufutwa kabla ya kurudi, kwa sababu jasho la mkono lina chumvi kama upepo wa kusi.

Jambo moja linahitaji tahadhari ya pekee. Visu vya nusu ya kwanza ya karne ya 20 mara nyingi vina mipini ya seluloidi, plastiki ya zamani yenye rangi za kupendeza, nyengine ikiiga lulu na nyengine ikiiga gamba la ng'amba. Seluloidi ikianza kuoza hutoa mvuke wenye asidi, na mvuke huo hushambulia chuma chake na cha majirani zake. Joto letu huharakisha jambo hilo, na plastiki yenyewe inawaka moto kwa urahisi. Dalili zake ni harufu kali, jasho juu ya mpini, na kutu ya ghafla pale bapa linapokaribiana na mpini. Kisu cha namna hiyo kisifungiwe katika chombo kimoja na vingine. Kiweke peke yake mahali pa baridi penye hewa inayopita, na ukikague kila wiki.

Safari na sheria

Kisu cha kukunja, hata kikiwa kidogo na cha miaka 70, hakiingii ndani ya ndege pamoja na abiria. Kinatiwa katika begi linalokabidhiwa kwenye kaunta, na mwambie jamaa anayekubebea mapema ili asinyang'anywe uwanjani. Bandarini, kabla ya kupanda boti ya kwenda Pemba au Dar es Salaam, kitaje kwa mkaguzi kabla hajakiona mwenyewe. Kifurushi kinachokuja kwa posta kiandikwe kwa uwazi kuwa ni kisu cha kukunja cha zamani na thamani yake ya kweli, na risiti iwe tayari kwa ajili ya forodha. Visu vinavyofyatuka kwa kubonyeza kitufe viache, kwani nchi nyingi zimevipiga marufuku, na Marekani yenyewe ilizuia biashara yake baina ya majimbo mwaka 1958. Usinunue pia mpini wa pembe za ndovu wala wa gamba halisi la ng'amba, kwa kuwa biashara ya kimataifa ya vitu hivyo imekatazwa, na sisi tunaoishi kando ya fukwe ambazo kasa hutagia hatuna udhuru wa kutojua.

Daftari

Kila kisu kipewe ukurasa. Andika chapa herufi kwa herufi kama ilivyogongwa, pamoja na nukta na alama. Urefu kikiwa kimefungwa. Kitu cha mpini. Hali ya kila bapa. Siku na bei uliyolipa. Na tarehe za kukipaka mafuta. Usichore namba wala jina lako juu ya chuma au mpini. Chini ya ukurasa ninagawa nafasi mbili: upande mmoja naandika kile ambacho chapa inasema, na upande wa pili naandika kile ambacho watu wanasema, wala sichanganyi. Katika ukurasa wa kisu cha ami, upande wa chapa umejaa. Upande wa pili una mstari mmoja tu, kwamba alirudi nacho kutoka safarini, kwa sababu hakuna aliyemuuliza ni bandari gani alipokinunua. Ukinunua kisu kwa mzee aliye hai, muulize siku hiyohiyo, na uandike mbele yake ili akusahihishe.